Kufuli la nje

BUKAVU – Saa nane za usiku umeme ulirudi katika avenyu moja ya komine ya Kadutu. Ulikuwa umekatika tangu jioni, wakati vijana wawili wa atelie ya kushona walikuwa wakinyoosha sare za shule. Waliiacha pasi juu ya kitambaa, waya wake ungali kwenye prizi, maana pasi isiyo na umeme ni chuma tu. Wakala, wakalala chini ya meza ya kukatia, kama kila siku, ili kulinda mashini. Na mama fundi, kama kila siku, alifunga mlango kwa nje na kufuli, akaenda nyumbani na ufunguo.

Atelie ni ya mbao na mabati, kama nyumba nyingi za pale mlimani, ukuta wa huyu ukiegemea wa yule. Kijana mdogo aliamshwa na kikohozi, si na mwanga. Walisukuma mlango, haukusogea. Kilichowaokoa ni ubao mmoja wa nyuma uliooza kwa mvua, ambao mama alikuwa amepanga kuubadilisha mwisho wa mwezi. Waliupiga mateke mpaka ukapasuka. Mmoja aliungua mkono, wote wawili wako hai.

Jirani mmoja alikata umeme kwanza, ndipo wengine wakamwaga maji na mchanga. Gari la kuzima moto, hata lingeitwa, lisingepanda vijia vile. Bidoni ya esansi ya jenereta, ambayo hukaa pembeni ya meza, ilikuwa tupu usiku ule kwa sababu mama hakuwa na pesa za kwenda kwa kadhafi. Mashini tatu kati ya nne ziliteketea, pamoja na sare za watu.

Mama huyu alifika Bukavu kwa boti kutoka Goma, baada ya kukimbia vita Masisi na watoto wake na kichwa cha mashini moja kilichofungwa ndani ya kitenge. Familia zilizohama zinajua: aliyeporwa kila kitu mara moja hufunga mlango mara mbili. Hakuna wa kumcheka kwa kufuli lile. Lakini ni kufuli lile lile lililotaka kuua watoto wa wenzake.

Siku zilizofuata alikuwa akitoa patanti yake na kumwonyesha kila aliyemuuliza. Alikuwa ameilipa, na aliamini kwamba amemalizana na serikali. Wengi sokoni wanaamini hivyo. Patanti inamruhusu mtu kuuza na kushona. Haiangalii watu watatokea wapi moto ukiwaka. Hilo liko katika Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayomdai mwenye kazi alinde afya na usalama wa watu wake. Si ya makampuni makubwa peke yake. Mwenye mfanyakazi mmoja naye ni mwenye kazi, na wanaojifunza ufundi wametajwa humo. Kukosa mkataba wa maandishi hakumponyeshi: mfanyakazi anaweza kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba alikuwa akifanya kazi pale. Anayeumia kazini hutunzwa na mfuko wa usalama wa jamii, CNSS, ikiwa aliandikishwa. Vijana hawa hawakuandikishwa. Dawa za mkono mama alizilipa mwenyewe, kwa deni.

Wakati wa kujenga upya, aliomba mlango wa pili upande wa nyuma. Mwenye nyumba alikataa.

“Mama, mulango ya pili ni ya wezi.”

“Papa, mashini nitatafuta zingine. Mama ya ule mutoto nitamuambia nini?”

Mzee alinyamaza siku mbili. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba mbao na bawaba atoe mama. Ndiyo gharama kubwa iliyokuwepo. Mlango unafunguka kwenda uwanja wa jirani na unafungwa kwa komeo la ndani, halihitaji ufunguo. Ndoo mbili za mchanga ziko karibu nao. Bidoni ya esansi hailali tena ndani, na swichi kubwa ya umeme inashushwa kila jioni, umeme uwepo usiwepo.

Ingefaa vijana wasilale humo kabisa. Lakini mmoja hana kwao Bukavu, na mashini iliyobaki bado inahitaji mlinzi, basi wanalala. Usiku wa kwanza yule mdogo alifungua komeo na kulifunga mara tatu kabla ya kujilaza. Pasi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, waya umezungushwa kwenye mpini.