Ngoma haikuchelewa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ya kuandika programu imenibana kweli kweli. Leo nataka kuongea muziki, ingawa mwishowe mtaona ni yale yale.

Hapa Voi tuko wachache tunaokutana Jumamosi jioni kusikilizana kazi. Kuna rapa mmoja, wawili wa kwaya, na mimi natengeneza midundo kwenye laptopu. Mwaka jana akajiunga mzee mmoja kutoka milimani, mpigaji wa mwazindika, ile ngoma ya Wataita ya kutuliza pepo. Tukamrekodi.

Basi mimi na digrii yangu ya kompyuta nikatazama mawimbi kwenye skrini. Mapigo mengine yalichelewa kama milisekunde 30. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, na robo yake 125. Nikabonyeza kitufe, programu ikavuta kila pigo hadi mstari wa gridi ulio karibu. Nikajiona nimesaidia.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Kijana, hii inatembea kama askari. Mwenye pepo atainukaje?" Akachukua kofia yake, akaenda zake. Jumamosi mbili hakuonekana.

Kilichoniuma ni hiki: kazini, mtu akiniletea kodi niikague, swali langu la kwanza huwa, hii inatakiwa ifanye nini? Bila jibu huwezi kujua kama umeona hitilafu au makusudi ya mwandishi. Mzee sikumuuliza hata neno moja.

Nikapanda matatu hadi Wundanyi kumwomba radhi. Bahati nzuri rekodi ya kwanza sikuifuta (wadau, msiandike juu ya faili asilia, kamwe!). Tukaisikiliza pamoja. Akagonga meza, akanionyesha: lile pigo la nyuma linamngoja mchezaji ashushe mguu. Halikuchelewa.

Kisha akaomba kusikia mdundo wangu. "Umejaza mno, mwanangu. Mtu atavuta pumzi wapi?" Nilitaka kubisha kwamba hip hop haijui. Nikanyamaza, nikaondoa matoazi karibu nusu. Rapa wetu mwenyewe akauliza nimefanya nini, mbona sasa maneno yake yanasikika.

Fikirieni Malaika. Fadhili William, Mtaita wetu, aliurekodi miaka ya 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, na Boney M wakaupeleka disko. Ukiupima wa disko kwa gitaa la Fadhili, utamwonea kila mtu. Kwanza uliza wimbo unataka kufanya nini, kisha sema kama umefika.

Mzee amerudi. Siku hizi, kabla sijagusa kazi ya mtu, nauliza. Na yangu ikiguswa, nahesabu hadi kumi kabla ya kujitetea. Mara nyingine nafika saba tu.

Haya, tuonane wiki ijayo. Wasalaam.