Mgonjwa wa Kemo Si Yai, Mwacheni Atembee

Leo nitaudhi mashangazi kadhaa, lakini wacha iwe. Mtu akipatikana na saratani ya damu, familia zetu hujua dawa moja tu ya nyumbani: pumzika. Usioshe kikombe. Usishuke ngazi. Usitoke nje, utapigwa na baridi. Kaa hapo tukuletee uji. Ni mapenzi, najua. Lakini mapenzi ya aina hiyo yanaweza kumnyang'anya mtu miguu.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu tulianza kusikia neno lukemia Julai 2019, wakati Bob Collymore wa Safaricom alifariki. Lukemia ni moja tu ya saratani za damu. Kuna limfoma, inayoanzia kwenye chembe za kinga na mara nyingi huonekana kwa kuvimba tezi, na kuna mayeloma, ambayo hudhoofisha mifupa. Binamu yangu ana limfoma. Ana miaka 23 na tunaishi naye kwa mathe hapa Umoja, orofa ya nne, lifti hakuna. Kemo yake ni kila baada ya siku 21, mara sita.

Kabla ya kemo, huyu dem alikuwa anapanda hizo ngazi na mtungi wa maji wa lita 20 huku anapiga stori kwa simu. Baada ya dozi ya tatu, alikuwa anasimama mara mbili kabla hata hajafika orofa ya pili. Siku moja akashindwa kuinuka chooni, ikabidi aite mathe amvute. Nywele zilipotoka hakulia. Siku hiyo ya choo alilia.

Kila mtu akasema, "Ni ugonjwa tu, vumilia." Sawa, sehemu ni ugonjwa na dawa zake. Kemo hushusha damu, basi unachoka haraka. Vinkristini inaweza kuleta ganzi kwenye vidole vya miguu. Prednisoloni ikitumika sana hulegeza misuli, hasa ya mapaja. Lakini sehemu nyingine ni kitanda chenyewe, na hiyo hakuna mtu huitaja.

Mwaka wa 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti walichukua vijana 5 wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki 3. Miaka 30 baadaye wakawapima tena walewale. Wiki 3 za kitanda zilikuwa zimewapunguzia nguvu za mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Manze, hao walikuwa wazima! Sasa chukua mtu wa kemo umlaze miezi minne.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na wala sikuwa nasomea udaktari. Lakini kusoma najua, na hii habari si mpya. Ujerumani, miaka ya tisini, Fernando Dimeo na wenzake waliwapa wagonjwa pedali za kuendesha wakiwa wamelala kitandani, nusu saa kila siku, mara tu baada ya kemo kali sana. Ripoti yao ya 1997 ilionyesha kwamba waliopiga pedali walipoteza nguvu kidogo kuliko wenzao na wakatoka hospitali mapema. Kanada nao, utafiti uliotolewa 2009 ulifuata watu 122 wenye limfoma. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyosonga mara tatu kwa wiki, wiki 12. Uchovu ulipungua, mwili ukawa fiti zaidi, na kemo haikuvurugwa.

Sikiza vizuri: hakuna aliyesema mazoezi yanaponya limfoma. Anayekuuzia hiyo ni tapeli, mblock. Kemo ndiyo inapigana na saratani. Mazoezi yanalinda mwili unaobeba hiyo vita, ili ikiisha kuwe na mtu wa kusimama.

Huko anakotibiwa hakuna aliyewahi kutaja mambo ya mazoezi. Foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, na karatasi anayotoka nayo ina dawa tu. Kabla ya dozi ya nne binamu akaamua kuuliza mwenyewe: "Daktari, naruhusiwa kutembea kiasi gani?" Daktari akaangalia majibu ya damu, akamwambia tembea, lakini kwa masharti. Joto likifika 38, hakuna mazoezi, ni hospitali moja kwa moja. Chembe za kugandisha damu zikishuka sana, hakuna kuinua vizito wala kitu cha kuangusha mtu. Chembe nyeupe zikiwa chini, epuka jimu na mahali pa watu wengi. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio ovyo, au maumivu kifuani, simama na utafute usaidizi. Hayo ni yake. Mwenye mayeloma ataambiwa mengine kwa sababu ya mifupa, ndiyo maana lazima uulize wako.

Vita ikahamia nyumbani. Shosho akapiga simu kutoka Murang'a: "Mnataka kuniulia mtoto?" Mathe akanyamaza. Binamu akachukua simu, akasema pole pole, "Shosho, niache nichoke kwa kazi yangu mwenyewe."

Akaanza na korido, dakika 5. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 4. Halafu mpaka kwa mama mboga asubuhi mapema, barakoa usoni. Siku mbili tatu baada ya dozi anazunguka meza tu, na hiyo pia inahesabika. Sasa amemaliza dozi ya tano. Anainuka kwenye kiti mara 12 na anapanda orofa zote nne akipumzika mara moja. Bado anatapika, bado ana ganzi, na picha ya mwisho itapigwa baada ya dozi ya sita. Tunaingoja kwa hofu kama familia yoyote. Lakini choo anaenda mwenyewe.

Maoni yangu ni haya: mgonjwa wa kemo atumwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia tangu siku ya kwanza, vile anatumwa maabara. Korido ziko. Viti viko. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika "tembea" kwenye ile karatasi.

Na wewe ukienda kuona mgonjwa, wacha ile tabia ya kuleta soda na uso wa matanga. Muulize daktari wake amemruhusu nini, kisha mtembee pamoja hizo dakika kumi, kwa mwendo wake. Mkifika kwa ngazi, usimbebe. Kaa nyuma yake, mikono tayari, na umwache apande.