Nilimwambia Mama hatasikia kitu

Leo ni zamu yangu kuandika, na nimechagua kitu ambacho sipendi kukisimulia.

Mwaka 2021 tulikuwa tunapanga chumba kimoja hapa Kamwokya, upande wa Kifumbira. Mama alikuwa na miaka hamsini na kitu, ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi anatoka na vitenge begani kuzungusha mpaka Bukoto. Uganda ilianza kuchanja korona tarehe 10 Machi. Wenye umri na magonjwa kama ya Mama walikuwa kati ya wa kwanza, na sisi wakimbizi tulikuwemo kwenye mpango wa serikali tangu mwanzo. Lakini nani alituambia? Spika ya mtaani ilisema Luganda, makaratasi yalikuwa ya Kiingereza.

Na Luganda yenyewe ilituchanganya. Korona waliiita ssennyiga omukambwe, yaani mafua makali. Luganda ya Mama ni ya kuuzia vitenge tu, akashika neno moja: ssennyiga. "Mafua? Mafua miye nachemsha tangawizi."

Halafu dada yake akapiga simu kutoka Butembo: Congo wenyewe wanaziogopa hizo chanjo. Haikuwa uvumi mtupu. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika Kinshasa mwezi wa tatu, serikali ikaahirisha kuanza mpaka 19 Aprili, na nyingi zikapelekwa nchi zingine zisije zikapitwa na muda. Mama akaniuliza: "Kama kwetu wamezikataa, hapa wanatupa sisi sababu hatuna kwetu?"

Sikuwa na jibu. Nikatafuta njia fupi. "Mama, ni kama kuumwa na mbu. Hutasikia kitu."

Tukaenda. Askari wa getini akataka kitambulisho cha Uganda, kadi ya mkimbizi akaigeuza-geuza kama noti bandia. Nesi mmoja akatoka, akaisoma, akatuingiza. Sindano ikapita, tukakaa dakika kumi na tano kwenye benchi, tukarudi.

Usiku Mama akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Homa, kichwa, mkono hauinuki. Siku mbili hakuuza, na sisi ambaye hajauza hapiki. Majirani wakaja mlangoni na ile "si tulikuambia". Mama hakugomba. Aliniuliza tu: "Ulijua?"

Nilijua. Karatasi ilisema wazi kwamba homa na maumivu ya siku moja au mbili ni kawaida, mwili unajifunza kupigana. Nilisoma, nikauruka huo mstari. (Ndugu zangu wa mashirika, msikasirike, lakini hata mabango yenu yanauruka. Yana mama anayecheka tu.)

"Basi, ya pili sitaki," akasema.

Mwezi wa sita wimbi la pili likaja. Tarehe 18 tukafungiwa tena, siku 42, na dozi zikaisha nchini. Hata angetaka, hakukuwa na cha kupata. Usiku moshi wa makaa ukimkohoza, mimi naamka, nasikiliza pumzi.

Chanjo ziliporudi nikakaa naye chini na ile karatasi. Safari hii nilimsomea yote kwa Kiswahili chetu, hata mistari mibaya: homa ikizidi siku mbili, au pumzi ikibana, unarudi hospitali mbio. Halafu nikamuuliza anaogopa nini hasa. Nilidhani atasema sindano, au Kinshasa. Akasema: "Naogopa kulala siku mbili na hakuna wa kuuza."

Kumbe ni hilo! Tukachagua Jumamosi, kwa sababu Jumapili hauzi. Nikachemsha maharage ya siku mbili, nikanunua Panadol, nikajaza jerikeni ya maji. Jumatatu vitenge ningebeba mimi, aibu na yote.

Jumamosi asubuhi nikamkuta nje na mama wawili wa uchochoroni kwetu, wamevaa masweta. Anawaeleza: "Usiku utatetemeka. Ni vile inafanyaka. Kunywa maji, lala. Ikipita siku mbili, mutoto wangu atakupeleka kwa munganga."

Hiyo ya mwisho hakuwa ameniuliza.

Homa ilikuja kidogo tu. Jumatatu akaamka, akalalamika maharage yamezidi chumvi, akachukua vitenge vyake mwenyewe.