Sita Toa Nne

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Kesho yake ikawa zamu ya vyuo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilipanda basi na begi moja kurudi nyumbani wilayani Bariadi, nikiamini ni zile siku 30 zilizotajwa. Shule za msingi zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni.

Mama hakunipa hata siku ya kupumzika. "Wewe ndiye uliyesoma. Wafundishe wadogo zako." Walikuwa watatu: darasa la saba, la nne na la pili. Vipindi vya masomo redioni vilikuwepo, ila redio yetu ni moja na huenda machungani na baba. Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa unga wa betri kuukuu, chaki tukatumia vipande vya makopa ya muhogo.

Wiki ya tatu Popi, mbwa wetu, akazaa chini ya ghala. Watoto sita. Yule wa darasa la pili akahamia huko, na baada ya siku mbili za kumfukuza nikaona ni rahisi zaidi kuhamisha ubao. Wa darasa la nne akafungua daftari la kumbukumbu. Siku ya 12 aliandika kwamba jicho la kwanza limefumbuka. Tulipiga makofi, hakuna aliyeshtuka. Masikio yao yalikuwa bado hayajafunguka. Siku chache baadaye tulipiga tena, wakatawanyika wote. (Sasa nasoma uzamili wa elimu, na jambo lile lina jina refu kwenye semina zetu.)

Kisha baba akaja kuwatazama. Madume walikuwa wawili, majike wanne. "Madume wabaki," alisema, "majike..." Hakumalizia. Kwetu mbwa analinda zizi dhidi ya fisi, na dume hupata mwenyewe kabla hajafumbua macho. Jike hachukuliwi. Huwekwa kwenye kiroba, na mtu hutumwa nacho porini kabla watoto hawajaamka.

"Sita toa nne," alisema mdogo wangu wa darasa la nne. "Wale wanne wanaenda wapi?"

Nilimwambia.

Jioni alimfuata baba zizini. "Baba, kwa nini jike hatakiwi?"

"Anazaa, mama."

Akaja ubaoni kupiga hesabu. Jike mmoja, watoto sita, mara mbili kwa mwaka: 12. Majike wanne: 48. Aliitazama ile 48 kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa ametarajia jibu la kumtetea, na hesabu ikawa upande wa baba. Akaifuta kwa kiwiko.

"Lakini Popi ni jike," alisema. "Mbona alibaki?"

"Popi alikuja mwenyewe," baba akajibu. "Mvua ilikuwa inanyesha."

"Na hawa wamekuja wenyewe."

Baba alichukua redio yake akatoka. Kiroba hakikuonekana wiki ile, wala iliyofuata, na hakuna aliyeuliza.

Mei ikatukuta shambani tukichuma pamba. Masomo yalibanwa kwenye jioni. Ndipo yule binti alipoanza kuzunguka mji kwa mji na kaka yake, daftari mkononi, akiwasomea watu umri wa kila jike na siku alipofumbua macho. Shangazi mmoja aliyekuwa akiliwa kuku na kicheche akachukua mmoja. Vijana wa kwenye mizani ya pamba wakachukua wa pili. Wa tatu alikufa, tumbo limevimba. Nadhani ni minyoo. Kwenye daftari aliandika tarehe tu.

Tarehe 29 Juni walivaa sare, fupi kwa kila mmoja wao. Jike wa nne aliwafuata hadi barabarani, wakamtishia kwa vijiwe hadi akageuka. Daftari alikwenda nalo shuleni.