Umri wa Nyonga ya Saruji

Saruji ishikayo nyonga ya bandia si gundi, kama wengi wadhanivyo. Hupenya katika vishimo vya mfupa ikaganda, mithili ya chokaa ishikavyo mawe ya ukuta. John Charnley wa Wrightington, Uingereza, alianza na vikombe vya Teflon vilivyosagika katika miaka michache. Mwaka 1962 akatumia plastiki ngumu zaidi. Nyonga 2,000 za namna yake zilizotiwa Mayo Clinic, Marekani, zilifuatwa miaka 25: yakadiriwa 8 katika kila 10 hazikuhitaji kupasuliwa tena. Za vijana zilidumu kidogo kuliko za wazee. Atembeaye sana husaga plastiki. Vumbi lake huuchokoza mwili hata ukaula mfupa, na nyonga ikalegea.

Ami yangu, mchumaji karafuu wa Pemba, alianguka mtini, nyonga yake ikabadilishwa Dar es Salaam akiwa na miaka 45. Kwa kazi huyo ni mtu mzima. Kwa nyonga, ole wake, ni kijana. Sala aliikubali kitini. Kuhusu kupanda alimwambia daktari kwamba karafuu hazishuki zenyewe. Sasa apandaye ni mwanawe.