Safari ya Mwatiko

Mwatiko hazai mahali anapokulia. Jike hutaga mayai baharini usiku, karibu na miamba, nayo huanguliwa yapata siku moja baadaye. Vitoto, vyembamba kama uzi, mwili wote kioo ila macho, huchukuliwa na maji majuma mawili au matatu hata viingie katika hori za mikoko. Humo hula, hukua, hujificha na samaki wakubwa. Lakini hori, kwa wema wake wote, haimkomazi: ili apate mayai yampasa arudi baharini. Kwa hiyo mwenye kukokota chandarua horini hapati kitoweo tu (na kitoweo gani, samaki wa kidole!), awatoa wasiopata kutaga hata yai moja.