Mtoto wa Jirani Ndiye Huwatoa Bandani

Mgongo wa sungura wangu Tausi niliuvunja mimi. Hakukuwa na mbwa, hakuanguka kutoka bandani, wala mtoto wa jirani hakumgusa jioni ile. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Usoke ukiulizia nyumba ya mwalimu wa sungura vilema, hata mama anayeuza maembe stesheni atakuelekeza kwangu, na kabla hujafika utakuwa umeshasimuliwa huruma yangu.

Ilikuwa kiangazi. Mnunuzi alikuja giza linaanza kuingia, anataka jike. Nilikuwa na haraka, maji ya ugali yanachemka. Nikaingiza mkono bandani, nikamkamata Tausi masikio, nikamwinua juu ili mteja aone alivyonona. Ndivyo nilivyoona watu wakishika sungura tangu nikiwa mdogo. Miguu ya nyuma ikabaki inaning'inia. Akapiga teke moja hewani, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachokanyagwa. Nilipomweka chini, miguu ya mbele ilikimbia, kiuno kikafuata kikiburuzwa. Mnunuzi aliona yote, lakini alikuwa mpita njia. Akapanda bodaboda yake akarudi zake Urambo.

Sungura ana mapaja yenye nguvu kuliko mifupa yake. Mifupa yote kwa pamoja haifiki hata asilimia 10 ya uzito wa mwili. Akipiga teke huku miguu haina pa kukanyaga, nguvu yote hiyo inarudi kiunoni, na pingili ya mgongo inakatika. Na sisi huku ni wajukuu wa wapagazi! Babu zetu walipeleka pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakijua mzigo unakaliaje bega. Mimi nilishindwa kubeba mnyama wa kilo mbili na ushee.

Asubuhi nikamwita bwana mifugo. Nilimwambia nimemkuta hivyo, pengine mbwa. Akampapasa, akapekua manyoya akitafuta alama za meno, hakuona hata mkwaruzo. Akasema, "Mwalimu, huyu ameshikwa vibaya. Nani huwatoa bandani?"

Nikajibu, "Mtoto wa jirani ndiye huwatoa."

Ilikuwa kweli. Kila siku akitoka shule alipitia kwangu na majani ya viazi, akafagia banda, akawatoa mmoja mmoja wapate jua. Sikusema kwamba yeye ndiye aliyemvunja. Niliacha sentensi ile itembee yenyewe, na ilitembea haraka: kabla ya magharibi mama yake alikuwa ameshaisikia. Nilisikia fimbo, na nilisikia mtoto akiapa kwamba si yeye. Kati ya ua wangu na wao kuna fensi ya mabua ya mahindi tu. Nilikuwa nimesimama upande huu na kikombe cha chai mkononi, na sikwenda.

Kilichonikera zaidi baadaye ni kwamba yule mtoto alijua kuwashika kuliko mimi. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili unakalisha makalio, kichwa cha sungura kinafichwa kwapani kwake, mwili umeegemea mwili. Hakufundishwa na mtu. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi nikadhani anadekeza tu.

Bwana mifugo alishauri nimchinje. Nilikataa, na hapo ndipo sifa zangu zilipoanzia. Watu waliona mwalimu anamuuguza sungura ambaye mwingine angemla kwa ugali. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Sungura aliyepooza kiuno hawezi kukojoa vizuri. Inabidi umbonyeze kibofu taratibu kwa vidole, la sivyo mkojo unavuja siku nzima na kumbabua ngozi. Sungura mzima ana aina mbili za choo, na kile laini hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, ndimo ilimo lishe. Kiwete hafiki huko, kwa hiyo kinagandamana kwenye manyoya. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha kwa kanga kuukuu, nikampaka asali palipochubuka. Nyasi hazikutakiwa kukosekana hata usiku, maana utumbo wake ukisimama anakufa, na meno yake yanakua maisha yake yote. Asipotafuna yanamziba kinywa.

Watu wakaanza kuniletea wa kwao. Mmoja alifika kwa treni kutoka Kaliua ndani ya boksi la sabuni, shingo imepinda kiasi kwamba jicho moja linatazama chini. Wengine walikuwa watoto wa wiki chache waliotawanyika miguu kwa sababu ya kulelewa juu ya saruji laini. Hao, ukiwawahi, ukawafunga miguu kwa kitambaa laini ibaki sambamba na kuwawekea sakafu yenye kushikika, baadhi husimama. Darasani nikawa nafundisha kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nikiwakuta vijana wamening'iniza kuku vichwa chini kwenye baiskeli, niliwasimamisha nikawasomea somo. Nilikuwa na uso mkavu wa ajabu.

Je, nilimweka hai Tausi kwa ajili yake? Nimejiuliza sana. Alikula kwa hamu, alinikimbilia kwa miguu miwili nikifungua mlango. Lakini nadhani sababu kubwa ilikuwa mimi. Kila nilipomwosha nilihisi nimelipa kidogo, na deni la namna hiyo linalipika kwa raha kwa sababu mnyama hasemi. Mwenye kusema alikuwa ng'ambo ya fensi, na kwake sikupeleka chochote.

Mvua zilipoanza niliitwa Tabora kusimamia mitihani. Nilimwachia binti wa kazi, mgeni, nikampa maelekezo mengi mno. Aliogopa kumgusa kiwete yule, akawa anamtupia majani kutoka mlangoni. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafika bandani. Mainzi walikuwa wametaga kwenye manyoya machafu, na msimu wa joto mayai hayo huanguliwa ndani ya siku moja. Funza walikuwa wameshaingia chini ya ngozi. Safari hii nilimwita bwana mifugo nikamwomba mwenyewe ammalize. Kulikuwa na mtu mmoja Usoke nzima ambaye angemsafisha Tausi bila kuogopa nikiwa safarini, naye alikuwa amekatazwa kuvuka uwani kwangu.

Nimechelewa sana, lakini nimekwenda kwa jirani. Mama yake mtoto alikuwa anaanika mboga za nsansa. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Hakunikaribisha kiti wala hakupaza sauti. Alisema, "Mimi ndiye niliyempiga, na nitazungumza naye mwenyewe. Wewe nenda kaseme lako. Yuko kwenye bani la tumbaku."

Nilimkuta anachochea kuni, tumbaku ya mjomba wake ikiwa inakauka ndani. Amerefuka, sauti imekuwa nzito. "Shikamoo mwalimu," akasema, na nusura shikamoo ile inirudishe nyumbani. Nikamwambia: masikio, teke, mlio, na jibu nililompa bwana mifugo. Alisikiliza huku akisukuma gogo ndani kwa mguu.

"Mama umeshamwambia?"

"Nimeshamwambia."

"Na wa shuleni? Maana kule bado wananiita Mvunja Sungura."

Wa shuleni sikuwa nimewaambia. Jarida hili hufika maktaba ya shule, na wao ndio ninaowaandikia.